Kupangua si kuhamishia: kumsoma Unoka na mwanawe

Kuna swali la mtihani ambalo wengi wetu tumewahi kulijibu, liwe la riwaya hii au nyingine: taja sifa tatu za mhusika mkuu. Kwa Okonkwo jibu huja lenyewe. Ana bidii, ana hasira, anaogopa kuonekana dhaifu. Unapata alama zako, unafunga kitabu. Mimi nilikifunga hivyo nikiwa kidato cha tatu, nikiwa na nakala isiyo na jalada niliyoazimwa na binamu, na sikukifungua tena kwa miaka mingi.

Nimerudi kwenye *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute (1973) ya riwaya ya Chinua Achebe ya 1958, kwa sababu ya ubishi. Mwenzangu mmoja tunayesoma naye vitabu alisema kwamba Okonkwo na baba yake Unoka ni walewale tu. Wote wanakimbia ukweli, mmoja kwa filimbi, mwingine kwa panga. Nikakubali papo hapo, maana ni sentensi tamu. Usiku ikaanza kuniwasha. Kama ni walewale, mbona katika nyumba ya baba kuna njaa na madeni, na katika nyumba ya mwana kuna watu wanaolia? Kukimbia ni kumoja, sawa. Lakini hawakimbilii upande mmoja, na anayeumia si yuleyule.

Hebu tuanze na baba.

Mwanzoni kabisa mwa riwaya, jirani anayeitwa Okoye anakuja kwa Unoka kudai kauri 200 alizomkopesha zaidi ya miaka miwili iliyopita. Haji kwa fujo. Wanakula kola, wanaongea habari za mvua na za vita, kisha Okoye anazunguka mbuyu kwa methali mpaka anafika kwenye deni. Unoka anapoelewa kilichomleta mgeni wake, anacheka. Anacheka sana, kicheko cha kutoa machozi. Halafu anamwonyesha Okoye ukutani. Kuna mafungu ya mistari ya chaki, kila fungu ni mtu anayemdai, kila mstari ni kauri 100. Fungu dogo kuliko yote lina mistari kumi. Nitaanza kulipa madeni makubwa, ndiyo maana ya maneno yake, na lako ni dogo. Okoye anakunja ngozi yake ya mbuzi aliyokuwa ameikalia na kuondoka.

Tunacheka na Unoka hapo, hata mimi nacheka kila ninapopasoma. Lakini tazama kilichofanyika. Swali limekuja moja kwa moja, linahusu haki ya mtu, na lina jibu: ninalipa au silipi. Jibu halikutolewa. Badala yake kimekuja kicheko, kimekuja kichekesho cha ukuta, na swali limepita pembeni. Kwa lugha ya mpira tungesema kipa amepangua. Shuti lilikuwa linaelekea golini, mkono ukaligusa, likatoka nje. Kipa hakulidaka wala halikumwingia, na mpigaji amebaki ameshika kiuno.

Sasa mwana.

Ni siku tatu tu kabla ya Sikukuu ya Viazi Vikuu Vipya. Wake wanasugua kuta kwa udongo mwekundu, watoto wana furaha. Okonkwo hana raha. Hapendi sikukuu kama watu wengine, angependa zaidi kuwa shambani. Anazunguka uani, anaona mgomba, anauliza kwa ukali ni nani aliyeuua. Mgomba haujafa. Ekwefi, mke wake wa pili, amekata majani machache ya kufungia chakula, na anasema hivyo bila kuficha. Anapigwa sana, yeye na binti yake wa pekee wanabaki wanalia. Wake wengine wanathubutu tu kusema kwa mbali kwamba basi, yatosha. Baadaye Okonkwo anaagiza bunduki aende kuwinda. Ekwefi ananong'ona kitu kuhusu bunduki ambazo hazijawahi kupiga. Okonkwo anasikia, anakimbilia ndani kuchukua bunduki iliyojazwa, anamlenga mkewe anayeparamia ukuta mfupi, anafyatua. Anamkosa.

Hapa hapakuwa na shuti lililokuja. Hakuna aliyemuuliza Okonkwo kitu wala kumdai. Hasira ilikuwepo tayari kabla ya mgomba na kabla ya Ekwefi, ikawa inatafuta pa kushukia. Hiki si kupangua. Hiki ni kuhamisha, au tuseme kwa usahihi zaidi, kuhamishia.

Nang'ang'ania herufi hizo za mwisho kwa sababu sarufi yetu imetufanyia kazi nusu. Ukisema "alipangua", sentensi imetimia. Aliyekuwepo ni mpigaji na kipa, basi. Ukisema "alihamishia hasira", msikilizaji yeyote atakuuliza: kwa nani? Kitenzi chenyewe kinadai mtu wa tatu. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote. Kupangua ni jambo la watu wawili, anayeuliza na anayekwepa. Kuhamishia hakukamiliki mpaka apatikane mtu ambaye hakuwemo katika ugomvi.

Wanasaikolojia nao hawakuyapata mawazo haya mahali pamoja. Kuhamishia kulitoka kwa Sigmund Freud, katika kitabu chake cha kufasiri ndoto chenye tarehe ya 1900. Alichokiona ni kwamba katika ndoto uzito huhama: jambo zito linapita kimyakimya, na kitu cha ovyo, jani au kofia, kinabeba hisia zote. Mwaka 1909 akaandika kisa cha mtoto wa Vienna aliyeogopa farasi, na akakifasiri kwamba hofu ile ilimhusu baba, ikahamishiwa kwa mnyama. Kupangua kama istilahi kulikuja baadaye sana, kwa Erving na Miriam Polster wa Marekani katika kitabu chao cha 1973 kuhusu tiba ya Gestalt. Wao hawakuwa wanaangalia ndoto. Walikuwa wanaangalia watu wawili wanaozungumza: anayecheka pasipochekesha, anayeongea mengi ili asiseme moja, anayekuangalia bega badala ya macho. Kwao ni njia ya kupunguza ukali wa kukutana na mtu ana kwa ana.

Nikiyaweka hayo mawili kando ya riwaya napata kipimo ambacho sasa nakitumia kwa kila kitabu. Angalia uwiano. Pale jambo kubwa linapopewa jibu dogo, deni la miaka miwili likajibiwa kwa kicheko, mtu anapangua. Pale jambo dogo linapopewa jibu kubwa, majani machache ya mgomba yakajibiwa kwa kipigo na risasi, mtu anahamishia. Yote mawili ni kukosekana kwa uwiano, ndiyo maana tunayachanganya. Lakini mizani imeinama pande mbili tofauti, na maswali unayopaswa kuuliza ni mawili tofauti. Kwa Unoka unauliza: hakujibu nini? Kwa Okonkwo unauliza: hii ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya nani, basi? Msimulizi anatuambia Okonkwo alichoshwa na kukaa bure akisubiri sikukuu. Naamini, lakini sidhani inatosha. Ni nani katika kitabu hiki aliyependa sikukuu kuliko watu wote? Ni Unoka. Ndiye aliyefurahia majira ya baada ya mavuno, ndiye aliyealikwa vijijini kupiga filimbi na kula, ndiye aliyeona kufanya kazi ni adhabu. Kwa Okonkwo, ua linalonukia sikukuu linanukia baba. Na Unoka amekufa, hapigiki. Alibebwa akiwa amevimba akatupwa Msitu Mwovu, akaenda na filimbi yake. Ugomvi na mtu wa namna hiyo hauna mahali pa kwenda. Ukaenda kwa Ekwefi. Siku nyingine huenda kwa Nwoye, mwana wa kwanza, ambaye kosa lake kubwa ni kufanana na babu yake. Achebe hasemi wazi kwamba mgomba ni Unoka. Mimi ndiye ninayesema, na mwenye kubisha abishe. Lakini atakayebisha anieleze kwa nini ni sikukuu, na si vita wala njaa, inayomtoa mtu huyu akili.

Hapo nikamrudia mwenzangu. Nikamwambia, unaona, hawafanani. Baba kipa, mwana mhamishaji. Naye, kwa kuwa si mtu wa kukubali haraka kama mimi, akaniuliza: na ile siku kwa Obierika?

Alikuwa na haki. Ikemefuna ameishi katika nyumba ya Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba. Mzee Ezeudu amemwonya: kijana atauawa, ndilo agizo la mungu wa Vilima na Mapango, lakini wewe usitie mkono. Okonkwo anatia mkono, kwa hofu ya kuonekana dhaifu. Siku mbili hali chakula, anakunywa tu. Ya tatu anakwenda kwa rafiki yake Obierika, na badala ya kusema kilichomleta anashika usukani wa lawama: kwa nini wewe hukuja nasi? Obierika anamjibu kwamba agizo halipingi, ila halikumtaka yeye awe mtekelezaji, na kwamba alichofanya Okonkwo hakitaipendeza Ardhi. Swali limeshakuwa uchi mezani. Wewe, hasa wewe, kwa nini? Okonkwo anajibu kwa kujificha nyuma ya utii: Ardhi haiwezi kumwadhibu kwa kumtii mjumbe wake. Halafu anaingia mtu na habari za msiba kijiji kingine, mazungumzo yanageuka, na swali halirudi tena.

Ni mwana wa Unoka yule, tena bila hata kicheko. Amepangua. Kwa hiyo nakubali: hizi si tabia za watu wawili, ni vitendo viwili, na mtu mmoja aweza kuvifanya vyote kabla jua halijazama. Hilo ndilo kosa la swali letu la mtihani. Linatufundisha kutafuta sifa wakati riwaya inatuonyesha mwendo: kitu kinatoka wapi, kinapita wapi, kinatua kwa nani. Ukishaandika "Okonkwo ana hasira" umemaliza. Ukiuliza hasira imetoka wapi na imetua kwa nani, ndiyo kwanza unaanza.

Nigusie fumbo kidogo, maana msomaji wa Kiswahili atalifikiria. Kanga, mpasho, methali ya kumrushia jirani: je, hayo si kupangua? Sidhani. Fumbo hupinda njia lakini linafika kwa mwenyewe, na mwenyewe anajua. Okoye na methali zake alikuwa anazunguka, lakini alifika kwenye deni. Kupinda njia ni adabu. Kupangua ni kuhakikisha jambo halifiki.

Sasa tuende mwisho wa kitabu, ambako naona Achebe ameyaweka haya mawili uso kwa uso. Wakubwa sita wa Umuofia wameitwa na DC, bwana shauri kama wazee wetu walivyomwita, wakatiwa pingu kwa hila. Matarishi wa mahakama wamewanyoa, wamewachapa, wameongeza faini kutoka mifuko 200 ya kauri hadi 250 ili nao wapate chao. Okonkwo anatoka na chuki kooni. Kesho yake matarishi wanakuja kuuvunja mkutano, na panga lake linashuka mara mbili juu ya mkuu wao.

Je, hapo amehamishia? Nimelizungusha swali hili wiki nzima. Tarishi si DC, ni mtu mweusi aliyetumwa. Lakini ni mkono wa DC, na mikono hiyohiyo ya matarishi ndiyo iliyomchapa. Jibu langu ni kwamba, kwa mara ya kwanza katika riwaya nzima, hasira ya Okonkwo imekwenda upande iliotakiwa kwenda. Haijafika mwisho wa njia, lakini haijageuka kumtafuta mwanamke au mtoto. Na ni siku hiyo anapogundua Umuofia haitapigana. Tunajua alichojifanyia baada ya hapo.

Kisha DC anafika kumkamata, anaongozwa mpaka mtini. Obierika, mtu mpole kuliko wote kitabuni, anamgeukia na kumwambia usoni kwamba ninyi ndio mliomsukuma mtu huyu mkubwa kujiua. Ni shtaka. Lina mlengwa, na mlengwa amesimama pale. Tarishi mmoja anafoka, nyamaza. DC anaamuru mwili ushushwe, anaondoka, na njiani anafikiria kitabu anachotaka kuandika. Kisa cha mtu huyu kitampa aya moja nzuri.

Unoka alipangua deni la kauri 200 kwa mistari ya chaki. DC anapangua kifo cha mtu kwa mistari ya wino. Jambo kubwa, jibu dogo. Sijui jibu dogo kuliko hilo katika riwaya yoyote niliyosoma.

Ningeishia hapo, ingekuwa makala safi. Lakini sikuanza kuyawaza haya kwa sababu ya Achebe peke yake.

Nilipokuwa na miaka minane, baba yetu alirudi kutoka kazini jioni moja akiwa kimya. Miaka mingi baadaye mama alituambia siku hiyo bosi wake alikuwa amemdhalilisha mbele ya vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na mbili. Alikuwa anasafisha kioo cha chemli kabla giza halijaingia, kikamponyoka, kikavunjika. Kioo cha chemli. Sitaeleza kilichofuata, wengi wenu mna kioo chenu. Niseme tu kwamba alama iliyopo begani mwake bado anaifunika kwa mtandio.

Mwaka jana tukiwa kwenye simu, katikati ya habari za watoto na bei ya mchele, akaniuliza, "Hivi mdogo wangu, unaikumbuka siku ya chemli?"

Nikamjibu, "Dada, chemli zenyewe ziko wapi siku hizi? Watu wana sola!"

Nikacheka. Naye akacheka kidogo. Tukarudi kwenye mchele.

Niliposoma tena kicheko cha Unoka mbele ya Okoye, nilikisikia kicheko changu. Dada hakuwa amekuja kunidai kitu kikubwa. Alitaka shahidi, maana baba amekufa na mama hapendi kuyazungumza, nimebaki mimi. Nami nikamwonyesha ukuta. Kwa miaka yote nilijiona mwema kwa sababu mimi sipigi mtu. Hasira za baba ziliishia kwake. Kumbe nilikuwa nimekwepa tabia ya Okonkwo kwa kuikumbatia ya Unoka. Ni hadithi ileile ya riwaya, imegeuzwa tu.

Nilimpigia. Nikamwambia naikumbuka, nikamwambia nilikuwa nimesimama wapi, nikamweleza na nadharia yangu yote hii ya baba, bosi na kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa hiyo nadharia yako mbona inamtetea baba?"

Ni pingamizi kali kuliko lile la mwenzangu, na linamhusu kila mhakiki anayependa kueleza. Tukishasema pigo lilitoka kwa bosi, au kwa Unoka, au kwa mkoloni, ni rahisi macho yetu yakamfuata bosi na Unoka na mkoloni, na aliyepigwa akabaki nyuma, ameshatumika kama ushahidi. Huo nao ni upanguaji. Mhakiki anaulizwa kuhusu bega la mtu, anajibu kwa historia.

Achebe hakufanya hivyo. Hakumwacha Ekwefi akutani. Sura chache baadaye anatupa habari zake: kwamba amezaa watoto kumi na tisa kati yao wamekufa wachanga, kwamba Ezinma ndiye aliyebaki, kwamba usiku kuhani Chielo alipomchukua Ezinma, Ekwefi alifuata gizani peke yake mpaka kwenye mapango. Na nani alimkuta amesimama pale? Okonkwo, na panga mkononi, amekuja kusubiri naye. Wasomaji wengine huona hapo mume amesamehewa. Mimi naona tumepewa uzito kamili wa mtu aliyelengwa bunduki kwa sababu ya majani ya mgomba. Kueleza hasira ilitoka wapi hakufuti ilipotua. Asipohesabiwa aliyeangukiwa, kazi ya kusoma haijaisha.

Nilimjibu dada kwamba simtetei. Akasema, "Haya. Basi anza upya, lakini uanzie kwangu."

Nikanyamaza, nikamwacha aseme. Alisema kwa muda mrefu, na mara mbili nilishikwa na hamu ya kutia utani. Sikuutia.